Njia ya Kupishana

Swali la kumi na saba, ukurasa wa arobaini:
treni A inatoka Kigoma saa mbili asubuhi,
treni B inatoka Tabora saa hiyo hiyo.
Ya kwanza hukimbia kilomita hamsini kwa saa,
ya pili thelathini.
Umbali ni kilomita mia nne kamili.
Zitakutana wapi?

Nimelisoma mara tatu nikicheka peke yangu,
taa ya sola imening'inia kwenye msumari wa kalenda,
mwanangu kalala, madumu manne ya mawese
yamejipanga mlangoni kama watahiniwa.

Aliyetunga swali hili hajawahi kulala stesheni yetu
amejifunika kitenge, akiingoja saa mbili
mpaka ikawa saa tisa.
Treni yake haipakii chumvi Uvinza,
haimsubiri mama anayepitisha mtoto dirishani,
kisha kapu, kisha kuku, kisha yeye mwenyewe.
Inakwenda tu, hamsini, hamsini, hamsini,
kama mtu asiye na ndugu.

Nikakokotoa. Mia nne kwa themanini, saa tano.
Mia mbili hamsini kutoka kwetu,
porini huko, ukishapita Nguruka.
Jibu ni C.

Lakini reli ni moja.
Mtoto yeyote wa Gungu atakwambia:
treni mbili hazikutani hivi hivi.
Moja lazima ijibanze njia ya pembeni,
izime kelele zake, ingoje,
abiria washuke wakanunue karanga,
mpaka mwenzake apite na taa zake zote.
Kitabu hakiulizi ni ipi itakayongoja.

Mwaka tuliofaulu wote wawili, mimi na Gwasa,
mama alihesabu pesa kitandani mara mbili,
akazikunja, akanitazama mimi.
Sikusubiri aseme.
Nikaingia pembeni.

Miaka kumi na mitatu.
Huko pembeni nako watu wanaishi.
Nimejua bei inavyoporomoka michikichi ikizaa kwa pamoja,
nimejua dumu lipi limechanganywa kwa kulitikisa tu,
na riba niliijua kabla ya kanuni yake:
kwa Mama Sikitu unakopa mia, unarudisha mia na kumi
na salamu kila asubuhi.

Domitila, aliyekuwa mhasibu bandarini,
ananisahihishia kila Jumapili kwa kalamu nyekundu.
"Hapa umekosa."
Namwambia hakuna mfanyabiashara atakayepata faida hiyo
asipohesabu mafuta yanayobaki kwenye chujio.
"Mtihani hauna chujio," anasema.
"Dakika moja na nusu kwa swali. Kosa lako wewe
ni kujua mno."

Sura ya mantiki bado inanisumbua.
Majibu manne, mawili ya kweli,
nawe utafute lililo sahihi zaidi.
Sokoni ningechukua yote mawili
na kuomba la nyongeza.

Jana Gwasa kapiga simu kutoka Dodoma.
Ametuma ada ya mtihani,
na ya kutolea.
Hakutaja ya zamani, nami sikuyataja.
Tukasikilizana tukipumua, salio lake likiisha,
kisha akauliza, kama anayeuliza hali ya mgonjwa:
"Umefika ukurasa wa ngapi?"
Arobaini, nikamwambia.
"Lile la treni?"
Lile la treni.
"Mimi nililikosa," akasema,
na simu ikakatika.

Ukurasa wa arobaini una alama ya kidole changu,
rangi ya chungwa, juu kabisa ya herufi C.
Nimeisugua kwa ufutio, imezidi kutandaa.

Basi: penseli mbili, kitambulisho, kikokotoo
watakachoninyang'anya mlangoni.
Mtihani ni Tabora, Jumamosi.
Treni inaondoka Alhamisi, saa mbili, tiketi inasema.
Nimefunga vitumbua vya kutosha
mpaka saa tisa.